Msimwamshe Mgeni

Hebu niambie, wewe uliyewahi kukaa na watoto, wako au wa jirani: ukikabidhiwa kumi na mmoja wa miaka minne, mitano, kila mmoja na kengele, chupa au ngoma yake, ukaambiwa uwafundishe kupiga kwa upole na usimkemee hata mmoja, ungeanzia wapi?

Mama Kengele alianzia kwenye kikapu. Kilikuwa kikapu cha kwendea sokoni, mpini wake mmoja umeshonwa upya kwa uzi wa buluu, na ndani yake alikaa mwanasesere wa soksi ya kijivu, macho yake vifungo viwili visivyolingana. Watoto walimwita Mgeni. Kila Jumamosi saa tisa alasiri, katika kile chumba cha nyuma ya kanisa kilichokuwa zamani stoo ya mabenchi, mtoto mmoja alimlaza Mgeni kikapuni, wa pili akamfunika kitambaa, wa tatu akaweka kidole mdomoni. Ndipo Mama Kengele aliposema taratibu kwamba Mgeni ametoka mbali, miguu inamuuma, na wao wanataka kumwimbia Mungu pasipo kumwamsha Mgeni. Je, wataweza? Watoto waliitikia kwa vichwa, macho wameyatoa, kama watu waliopewa siri ya serikali.

"Mungu si kiziwi," aliwaambia kila mara. "Hapigiwi makelele."

Alikuwa na kengele nane za mkono, zimepangwa juu ya blanketi kuanzia kubwa, waliyoiita Babu, mpaka ndogo kabisa iliyofichika ndani ya ngumi ya mtoto, waliyoiita Kinda. Alikuwa na chupa za dawa zilizooshwa na kutiwa mbegu kavu, nusu tu, maana ikijaa hailii, na ikiwa na mbegu mbili inalia kama inalalamika. Alikuwa na ngoma mbili ndogo, na vijiti vilivyofungwa matambara nchani. Kengele, alifundisha, hushikwa kama yai ulilotumwa: ukilibana linapasuka, ukililegeza linaanguka. Aliwasimulia habari za yule kijana mchunga kondoo aliyempigia kinubi mfalme mwenye roho iliyochafuka, akampigia polepole mpaka mfalme akapumua. Kisha akawauliza, angepiga kama mtu anayefukuza ndege shambani, mfalme angepona? Watoto walicheka. Miaka ishirini na miwili, hakuna mtoto aliyekemewa katika chumba kile. Hata mwalimu wa kwaya wa sasa, lile jitu lenye sharubu, alipita hapo akiwa na miaka mitano, na enzi hizo aliitwa Honi kwa sababu sauti yake haikuwa na breki. Mama Kengele bado alimwita hivyo wakiwa wawili.

Tena kulikuwa na mlango. Bawaba zake zililia kama paka aliyekanyagwa mkia. Mtunza kanisa alikuja mara tatu na kopo la mafuta, na mara tatu Mama Kengele akamrudisha. Alimweleza kwamba mwisho wa kila somo watoto hupiga wakiwa wamefumba macho, kama katika sala, na yeye hufumba pamoja nao, maana mtoto hafumbi macho mbele ya mtu aliyeyakodoa yake. Sasa mlango ule ndio askari wake. Ukilia, anajua kuna mtu anatoka. Askari gani, alimuuliza, unamziba mdomo?

Hofu ilianza na Kinda.

Jumamosi moja mtoto aliitikisa, na Mama Kengele hakusikia kitu. Akadhani ulimi wa kengele umekatika. Akaifunga kwenye leso, akaipeleka kwa fundi saa, mtu aliyezoea kutengeneza vitu vidogo. Fundi aliiinua mbele ya uso wake akaitikisa. Akaitikisa tena, karibu na sikio la Mama Kengele.

"Mbona inalia, mama?"

Mama Kengele aliuona ule ulimi mdogo ukienda huku na huku, kama mdomo wa mtu anayesema nyuma ya dirisha lililofungwa. Akacheka, akasema basi leo imeona haya kufikishwa kwa fundi. Fundi naye akacheka, lakini macho yake yalibaki kumtazama hata kicheko kilipokwisha, na Mama Kengele akaondoka akiisahau leso yake mezani.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, naye alishaona yaliyompata mzee wa kinanda? Vidole vilipoanza kumtetemeka, wazee wa kanisa walimwita mbele siku ya Jumapili, wakamshukuru kwa maneno matamu, wakampa saa ya ukutani iliyofungwa kwa karatasi ya kumetameta, wakamwambia sasa apumzike. Akakaa benchi la nyuma. Kisha benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Kisha ikawa watu wanaulizana yule mzee yuko wapi siku hizi, na hakuna mwenye jibu. Tangu hapo Mama Kengele aliogopa saa za ukutani kama wengine wanavyoogopa nyoka. Watoto wale ndio waliokuwa wiki yake. Siku sita nyingine zilikuwa njia tu ya kuifikia Jumamosi.

Basi akajifunza kujificha. Alikaa penye mwanga ili aone midomo ya watu. Walipocheka alicheka, walipoguna aliguna. Nyumbani birika lilipiga mluzi mpaka mkwewe akaja mbio kutoka uani kulitoa motoni, na Mama Kengele ameketi hatua tatu kutoka hapo anachambua mboga. Mkwe alimtania kwamba siku hizi redio yake inawaamkia majirani kabla ya jogoo. Yalikuwa matani ya mapenzi, lakini yalimchoma. Siku nyingine mkwe huyohuyo alikuwa akimgombeza mwanawe mkaidi kwa ule msemo wa siku zote, kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Mama Kengele aliusoma msemo ule mdomoni mwa mkwe, akadhani anasemwa yeye.

Darasani mambo yalibadilika bila mtu kutangaza. Aliwaambia watoto waongeze kidogo, hawasikiki. Wakaongeza. Wiki iliyofuata akasema tena hawasikiki, wakaongeza tena. Na mtoto aliyeshikishwa yai miezi na miezi, siku ukimruhusu kulitupa, atakuuliza mara mbili? Walifurahi kama ndama waliofunguliwa zizini. Wazazi waliokuja kuwachukua walisimama uani wakitazamana. Baba mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, alisema kumbe karakana yake ni mahali pa utulivu, hakujua. Mama Kengele aliona wanacheka, akacheka nao.

Ambaye hakucheka ni Pamba.

Pamba alikuwa na miaka minne, mtoto wa fundi cherehani. Nyumba yao ilipakana na mashine ya kupasua mbao, na mtoto alikua akijaza masikio vipande vya pamba na vya vitambaa vya mamake, ndipo likatoka jina. Lori likipita alijikunja kama jongoo aliyeguswa. Mamake alimleta kwa Mama Kengele kabla ya kelele hizo kuanza, bila tumaini kubwa. Mwezi wa pili akaja na habari kwamba kila Jumamosi mtoto huamka akiuliza kama imeshafika saa tisa.

"Nimekukabidhi, mama," alisema. "Hapa ndipo mahali pekee asipoziba masikio."

Kazi ya kumfunika Mgeni ilikuwa ya Pamba, na hakuna aliyethubutu kuigombania. Lakini siku hizi mkeka wake ulikuwa unahama. Kila Jumamosi shubiri moja, shubiri mbili, kuelekea mlangoni. Mama Kengele aliliona hilo, kwa kuwa macho yake yalikuwa mazima. Akajiambia mtoto anafuata upepo.

Kisha Honi akaleta ombi. Alitaka watoto wapige katika ibada, wakati ule ambapo watu wote wameinamisha vichwa na kusali kimya, hata mtu akimeza mate anasikika. Alisema hakuna wengine awezao kuwaamini kwa wakati huo isipokuwa watoto wa Mama. Jumamosi angepita saa kumi kuwasikiliza. Mama Kengele alikubali. Wiki nzima aliomba, na hakuomba masikio yarudi. Aliomba tu asijulikane. Aliona aibu kumpelekea Mungu sala ya namna hiyo, lakini hakuiondoa.

Jumamosi alifika saa saba. Alizipanga kengele, akazipangua, akazipanga tena. Watoto walipoingia, Pamba alimfunika Mgeni, akazikunja ncha za kitambaa chini ya miguu yake, kisha akasimama mbele ya Mama Kengele akasema neno. Midomo yenyewe midogo, na kichwa ameinamisha. Mama Kengele alitikisa kichwa kukubali, akatabasamu, akamwambia vizuri, mwanangu, kama alivyosema siku hizi kwa kila asichokisikia. Uso wa mtoto ukafunguka. Akaenda mkekani kwake karibu anaruka.

Duru ya mwisho ilipofika, aliwaambia wafumbe macho. Akawaambia waongeze kidogo, kwa kuwa Honi alikuwa njiani na yeye alitaka kuwa na hakika. Akafumba. Mtikisiko wa Babu ulimgonga kifuani, wa ngoma ukapanda kwa nyayo. Zaidi ya hayo hapakuwa na kitu, giza tupu.

Alipofumbua macho, watoto walikuwa kumi. Akahesabu tena kwa kidole. Kumi. Mkeka wa mlangoni ulikuwa mtupu, na katikati ya blanketi, mahali pa kikapu, palibaki mduara tu uliobonyea.

Aliuliza nani amemwona Pamba. Aliyejibu ni yule mwenye Kinda, amekunja uso kwa kushangaa.

"Mlango umelia, Bibi. Umelia sana. Hukusikia?"

Mama Kengele aliwaambia washikane mikono na asiinuke hata mmoja. Sijui sauti yake ilitokaje, lakini walishikana papo hapo. Akatoka.

Geti la uani lilikuwa wazi, limeachwa hivyo kwa ajili ya gari la mchanga, na mbele ya geti ilipita barabara ya malori. Upande wa kulia kulikuwa na tangi la maji lililochimbwa chini, ambalo mafundi walikuwa wameling'oa kifuniko wiki ile wakaweka ubao. Ubao ulikuwa umekaa upande. Labda ulikuwa hivyo tangu asubuhi. Labda haukuwa hivyo.

"Pamba!"

Mtu akiita hunyamaza, akasubiri. Naye alinyamaza, akasubiri, na kilichomjia ni kilekile kilichomjia mwaka mzima, kana kwamba dunia imejazwa sufi. Akaita tena. Ndipo alipoelewa jambo lililomkausha damu: mtoto angeweza kuwa anamwitikia wakati huohuo, kutoka barabarani, kutoka tangini, kutoka chini ya miguu yake, na yeye amesimama hapo kama gogo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kwamba kifo chenyewe chaweza kuwa cha mtoto wa mtu.

Alipiga magoti, akausukuma ubao, akachungulia. Chini kabisa aliona kipande cha mbingu na kichwa chake mwenyewe kimejaa weusi. Maji yalikuwa yametulia. Yametulia juu ya mtu aliyezama, au hakuna aliyeingia? Aliweka kiganja juu ya saruji kama anavyokiweka juu ya ngoma, akingoja kitu kigonge. Saruji ilikuwa ya moto kwa jua, basi.

Mkono ulimshika begani, akaruka. Alikuwa Honi, vitabu vya nyimbo kwapani. Alikuwa amemsalimu mara mbili, alisema baadaye. Mama Kengele alimwambia Pamba hayupo, ametoka na kikapu wakiwa wamefumba macho.

"Umemwita?"

"Nimemwita."

"Hakuitika?"

Honi alikuwa tayari amegeukia geti. Neno moja tu lilihitajika. Angesema "hakuitika", Honi angekimbilia barabarani, watu wangejaa, wangetafuta mbali, na hakuna ambaye angejua kitu juu ya Mama Kengele. Alilihisi neno lile ulimini, jepesi. Na hapo hapo aliuona uso wa Mama Pamba siku ile aliposema amemkabidhi.

"Sijui kama ameitika," alisema. "Sisikii, mwanangu. Mwaka mzima sasa sisikii."

Honi alimtazama. Vitabu vilianza kumteleza kwapani kimoja kimoja, wala hakuviokota. Kisha akajaza kifua ili aite kwa ile sauti yake isiyo na breki, na Mama Kengele akamziba mdomo kwa kiganja, kama alivyowahi kumziba akiwa na miaka mitano. Alimwambia mtoto huyu ameikimbia kelele. Akiitwa kwa kelele atajificha zaidi. Asimame tu hapo ukumbini, kati ya chumba na kanisa, asikilize. Yeye ana masikio.

Akarudi ndani. Watoto kumi bado walikuwa wameshikana, wawili wanalia. Alivua mtandio wake, akaukunja, akaulaza pale kwenye mduara wa kikapu. Akawaambia kwamba Mgeni yuko mahali fulani karibu, amelala, naye Pamba anamlinda, na leo watapiga polepole kuliko siku zote. Waliinua vijiti. Aliona matambara yakigusa ngozi ya ngoma na kuondoka kama nzi. Aliiona Kinda ikitikisika ndani ya vidole viwili. Hakusikia hata kimoja, na neno "ongezeni" lilimjaa kinywani kama maji ya moto. Akalimeza. Alisimama mlangoni akautazama uso wa Honi, kwa kuwa huo ndio ulikuwa sikio lake sasa.

Honi alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuna kitu. Bado hakuna. Mama Kengele alifikiria maji yaliyotulia. Kisha paji la Honi likakunjamana. Akageuza kichwa polepole upande wa kushoto, akainua mkono, na watoto wakanyamaza. Uso wake ukaonyesha amekipoteza alichokisikia. Akaashiria waendelee. Wakaendelea, na yeye akatembea kwa ncha za vidole mpaka chumba cha majoho ya kwaya, akaweka sikio kwenye kabati kubwa la mbao, lile ambalo komeo lake hujiangukia lenyewe mlango ukifungwa kwa nguvu. Akalivuta.

Pamba alikuwa chini ya majoho, nywele zimeloa jasho, kikapu mapajani. Alikuwa anaimba pamoja na wenzake kwa mdomo uliofungwa, na ndiyo sauti aliyoisikia Honi. Mikono yake miwili haikuwa masikioni mwake. Alikuwa ameyaziba masikio ya Mgeni.

Mama Kengele alianguka kwa magoti akamshika mashavu, uso kwa uso, aione midomo.

"Mgeni ameamka," Pamba alisema. "Nilikuomba leo tupige polepole. Ukasema vizuri." Akapumua. "Na nimekuitika, Bibi. Nimekuitika nyingi."

Mama Kengele alimkumbatia, kikapu kikiwa katikati yao. Walimrudisha darasani, wenzake wakachukuliwa mmoja mmoja, na Mama Pamba aliwakuta wamekumbatiana sakafuni alipokuja kumchukua mwanawe, futi ya kupimia bado imening'inia shingoni. Mama Kengele hakumwachia mtu mwingine kumweleza. Alimweleza yote: mlango, tangi, kabati, na masikio. Mama Pamba alisikiliza akiizungusha futi kwenye vidole mpaka vikawa vyeupe. Alimpakata mtoto, akaketi nao pale chini, na wala hakuondoka.

Honi alichuchumaa mbele yake. Alimuuliza kwa nini hakumwambia hata yeye. Mama Kengele alimwambia habari za saa ya ukutani. Honi akainamisha macho, maana siku ile ni yeye aliyeibeba saa kutoka mimbarini mpaka mikononi mwa mzee wa kinanda. Nje geti liligongwa na upepo. Wote watatu waligeuka, yeye hakugeuka, na safari hii hakujifanya.

"Wazee nitawaambia mimi," Honi alisema, akiikunjua midomo vizuri, neno moja moja, Mama Kengele apate kuisoma. "Lakini niwaambie nini? Wewe mwenyewe, mama, unataka nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Mama Kengele alitazama kengele zilizoachwa juu ya blanketi, Babu mwanzoni na Kinda mwishoni.

"Sitaki saa," alisema. "Nataka mtu akae hapa ubavuni kwangu kila Jumamosi. Wakipiga kwa upole anishike mkono, wakizidisha auachie. Nilitaka hilo tu, tangu siku ya fundi saa. Nilitaka mtu aniambie wanasikikaje."